Mjomba wa Kiwanda Kizima

Haya, sogeeni. Wiki jana tulimwacha Cuthbert kaachama mdomo mbele ya mkaguzi, na tangu siku hiyo simu za hapa gazetini hazijapumzika. Msomaji mmoja wa Makote katuma ujumbe kwamba nikimwacha tena mtu mdomo wazi, yeye ataacha kununua gazeti na ataanza kulisoma kwa jirani. Nimekusikia, kaka. Leo mdomo unafungwa.

Wewe uliyetukosa, shika haya machache tu. Cuthbert ana kiwanda cha kubangua korosho pale Masasi. Ni mgane, mkewe alifariki siku nyingi, na mwanawe Trevor yuko zake Dar es Salaam, hapigi simu mpaka awe na shida. Mkono wa Cuthbert ni mgumu kufunguka, lakini moyo umeshafunguka. Anampenda Isabela, yule mama msimamizi wa meza ya kumenya, ambaye kiwanda kizima kinamwita Mama Rose, na juzijuzi kamwambia anataka kumwoa. Mama Rose hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alicheka tu, na Cuthbert akaenda nyumbani akiimba.

Katikati ya raha hizo ikaingia sheria ya bima ya afya kwa wote. Mwajiri amwandikishe mfanyakazi wake, naye achangie. Cuthbert aliposikia neno kuchangia akapata homa ambayo hakuna bima inayoitibu. Ndipo akatokea mkaguzi, binti mmoja wa miwani aitwaye Nancy, akasimama katikati ya uwanja wa kiwanda, akawatazama wabanguaji kwenye mabenchi yao, akauliza swali moja jepesi. Hawa wote ni nani?

"Hawa," akasema Cuthbert, "ni wapwa zangu."

Mashine za kubangulia zikasimama, mkono juu, korosho mdomoni mwa chuma.

Nancy akauliza kama ni wote. Wote, akajibu Cuthbert, ulimi umeshapata mteremko. Watoto wa dada yangu hao. Sisi huku ukoo ni wa mama, mkaguzi, na mimi ndiye mjomba. Wamekuja kunisaidia msimu huu, na tangu lini mpwa akaajiriwa na mjomba wake?

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo Nancy hakuambiwa. Dada yake Cuthbert ni mmoja tu duniani, anaitwa Veridiana, na ni mtawa. Anaishi na masista wenzake kule upande wa Lulindi, na tangu usichana wake hajawahi kubeba mtoto isipokuwa wa kubatizwa.

"Dada yako kajaliwa uzazi," akasema Nancy. Kisha akamwonyesha kidole Nurdin, anayesimamia kaango la kukaangia korosho, mzee wa Newala mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, aliyekuwa kijana wa kuoa wakati Cuthbert anajifunza kutambaa. "Na huyu?"

"Huyo ndiye kifungua mimba," akasema Cuthbert.

Nurdin akakohoa hadi ikabidi apigwe mgongo. Nancy hakucheka. Kidole chake kikaendelea kutembea mpaka kikafika meza ya kumenya, kikasimama kwa Mama Rose. Na huyu je?

Hapo Cuthbert akababaika. Aseme huyu si mpwa? Basi ni mfanyakazi, na akiwepo mfanyakazi mmoja, yupo mwajiri mmoja, na mwajiri mwenyewe ni nani kama si yeye? Akamtazama Mama Rose, akatazama chini.

"Na huyo pia," akasema.

Mama Rose aliendelea kumenya ngozi za korosho bila kuinua macho. Nancy akafunga kalamu yake, akaiweka mfukoni, akaaga kwa adabu zote. Hakuwa ameandika hata neno moja, na jambo hilo lingemtisha mtu yeyote mwenye akili timamu. Cuthbert hakutishika. Alijiona mjanja kuliko serikali.

Wala hakuwa peke yake katika ujanja huo, msije mkamwonea. Mwajiri wa huku akisikia sheria mpya, kwanza anacheka, halafu anawauliza wenzake wamefanyaje. Kuna mwenye gesti Newala kawageuza wahudumu wake wote kuwa washirika wa biashara, ingawa hajawahi kuwaonyesha biashara yenyewe. Kuna mwenye maduka kawaambia walinzi wake waseme wao ni majirani tu, wanapenda kukaa nje kupunga upepo. Na kuna mama mmoja mwenye mashine ya kusaga aliyewaandikisha watu wake siku ya kwanza bila kelele, na wenzake wanamnunia mpaka leo. Lakini kuigeuza ajira kuwa ukoo, hilo lilikuwa la Cuthbert mwenyewe.

Vumbi la gari la mkaguzi halijatua, Nurdin akaacha kaango lake. Akaja taratibu, mkono mmoja kashika kinena, maana mzee huyu ana ngiri ya miaka na miaka. Hospitali walishamwambia apasuliwe, naye akajibu kwamba atapasuliwa bima ikija, kwa kuwa hana haraka na kisu. Alipofika mbele ya Cuthbert, mzee wa mvi akapiga goti.

"Shikamoo, njomba," akasema kwa ulimi wa kwao Newala.

Cuthbert akacheka, na kwa kucheka akaitikia. "Marahaba."

Hapo ndipo alipojimaliza. Angenyamaza, lingebaki neno la kumhadaa mkaguzi, likapotea na vumbi. Lakini salamu ukishaiitikia umeikubali na aliyekuja nayo. Nyuma ya Nurdin wakajipanga wengine wote, wanawake kwa wanaume, shikamoo mjomba, shikamoo mjomba, naye akawaitikia mmoja mmoja, meno nje, akidhani ni mchezo.

Wasomaji wa mbali, huko ambako mjomba ni mtu wa kuletea zawadi sikukuu, nisikilizeni vizuri. Huku kwetu baba ni baba, lakini mwenye neno ni mjomba. Mtoto akiumwa, mjomba anaulizwa apelekwe wapi, na mjomba anakwenda naye. Binti akiposwa, ndiyo ni ya mjomba na hapana ni ya mjomba. Na mjomba akishafumba macho, mali yake wanaitazama wapwa kabla ya wanawe. Siku hizi kuna mahakama na kuna wosia, najua, msiniandikie barua. Nawaambia watu wanavyotazamana.

Kesho yake asubuhi Cuthbert alifungua mlango wa nyumba yake, akamkuta Faidha, mbanguaji, kakaa barazani juu ya mkeka, shavu limevimba. Jino, mjomba. Cuthbert akamwambia aende hospitali. Faidha akamjibu kwa upole kwamba mgonjwa haendi bila mjomba wake, watu watasemaje? Jirani alikuwa anafagia na fagio lilikuwa limesimama. Cuthbert akavaa viatu.

Nusu ya siku akakaa kwenye benchi la hospitali, kashika mkoba wa Faidha. Aliporudi akamkuta mwingine na mtoto mwenye homa. Siku iliyofuata alikuwepo mwenye mgongo, na mwenye jicho, na mama mmoja aliyekuwa mzima kabisa ila alitaka mjomba amjue mjukuu. Sebule yake ikawa wodi. Mtu alilala kwenye kochi ambalo Cuthbert mwenyewe alikuwa hajalitoa plastiki tangu alinunue.

Akijaribu kufoka, wanamwitikia kwa heshima zote. Akisema nendeni wenyewe, wanainamisha vichwa na kusema sawa mjomba, tutawaambia watu sokoni kwamba mjomba wetu kachoka kutuuguza. Na yeye, mtoto wa hapahapa, aliyelelewa na mjomba na kutahiriwa mkononi mwa mjomba, hakuwa na ubavu wa kusikia maneno hayo yakisemwa sokoni. Mtego alioutega mwenyewe ulikuwa umembana kwenye aibu yake.

Aliyefurahia kuliko wote ni Nurdin. Kila alipomwona Cuthbert anapita, alilipapasa kaango kwa mapenzi, akalifuta ukingo kwa kanzu yake.

"Mimi kifungua mimba sina makuu, njomba," akasema. "Wenzangu wagawane nyumba na gari. Mimi unipe kaango tu."

"Sijafa mimi, Nurdin."

"Hakuna haraka, njomba. Litanisubiri."

Haya yote Cuthbert angeyavumilia. Mkono wake mgumu, lakini mgongo wake pia mgumu. Kilichomvunja ni siku alipojipaka manukato, akapita kwenye meza ya kumenya, akainama kumsabahi Mama Rose kama alivyozoea. Mama Rose akasimama wima, akapiga goti dogo la adabu.

"Shikamoo, mjomba."

Korosho ishirini za pale mezani zilimenywa kwa pamoja, kila mtu kichwa chini, masikio juu. Cuthbert akamvuta pembeni, kwenye magunia.

"Mama Rose, wewe usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Umesema mbele ya serikali kwamba mimi ni mpwa wako."

"Yalikuwa maneno tu."

"Na yale ya kunioa?"

Mama Rose akakunja mkono wa gauni lake, akamwonyesha kovu refu la kahawia kutoka kiwiko mpaka kiganja. Kila mbanguaji ana lake. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na siku ile debe lilipomwagika juu ya mkono wake, Cuthbert ndiye aliyekimbia, akauosha, akachana leso yake nyeupe, akamfunga mwenyewe huku machozi yakimtoka yeye badala ya aliyeungua.

"Nilikupenda siku ile," akasema Mama Rose. "Nakwambia leo, maana ulikuwa hujui. Lakini Baba Trevor, leso yako ni moja. Humu ndani mikono ni mingi. Nitalalaje kwako usiku nikijua Faidha akiungua anasubiri uwe na leso?"

Baba Trevor. Lilimtoka bila kukusudia, na alipoligundua akaziba mdomo. Kisha akasema, kwa sauti ya kiofisi kabisa, kwamba kama bado ana nia aende kwao Chiwata, kwa mjomba wake wa kweli, Mzee Bonifasi. Mzee akikubali, naye kakubali.

Cuthbert akakaribia kuruka. Basi ni hilo tu? Wazee watazungumzika. Akamtuma Nurdin awe mshenga, kwa sababu Nurdin ana mdomo wa asali akitaka, akampakia kwenye bodaboda na kitambaa kipya begani. Akashinda kutwa nzima getini, kila pikipiki ikilia anatoka.

Nurdin akarudi alasiri. Hakuenda kwenye kaango, hakunywa maji. Akamfuata Cuthbert ofisini, akavua kofia, akaketi sakafuni kama mtu aliyekuja na ombi zito.

"Mzee Bonifasi kajiuzulu," akasema.

"Kajiuzulu nini?"

"Ujomba. Kasema habari zimemfikia kwamba Isabela kapata mjomba mpya Masasi, mwenye kiwanda, kamtangaza mbele ya serikali. Kasema yeye hagombani na mwenye kiwanda. Tukampose kwa mjomba wake huyo."

"Sasa?"

"Sasa nimefika." Nurdin akainamisha kichwa. "Hodi, njomba. Nimetumwa na bwana mmoja aitwaye Cuthbert, mtu mzuri, mbishi kidogo. Anamtaka mpwa wako. Wewe unasemaje?"

Cuthbert akashika kichwa. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayezama, itakuwaje mjomba huyo akikubali. Nurdin akafikiri, akajibu kwamba mjomba akimwoa mpwa wake, wao watu wa Newala watarudi kwao siku hiyohiyo, na korosho azibangue kwa meno. Akikataa, ndiyo basi. Kwa hiyo Cuthbert alikuwa amejikosesha mke kwa mdomo wake mwenyewe, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumnunia.

Mwanamume akalia kidogo. Si aibu, alikuwa anapenda kweli.

Na kama hujui msiba hauji peke yake, sikiliza. Asubuhi yake gari dogo la masista likasimama getini, akashuka mwanamke mrefu, mwembamba, kilemba cheupe, rozari kiunoni. Sista Veridiana. Mashine zote zikasimama. Wafanyakazi wakajipanga kama walivyojipanga siku ile, Nurdin wa kwanza.

"Shikamoo, mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu," akajibu Sista, wala kope haikumtingishika. Kisha akamgeukia mdogo wake, ambaye alikuwa amejificha nusu nyuma ya mzani. "Cuthbert, nimeishi na masista tangu msichana. Nimesali, nimefunga, nimelima bustani. Sasa napita sokoni, wanawake wananipa pole ya uzazi. Nimekuja kukuuliza hawa niliwazaa saa ngapi."

Cuthbert akaanza kujieleza, sheria, mchango, msimu mbaya, wenzake wote wanafanya hivyo. Sista akamsikiliza mpaka mwisho, jambo linalotisha kuliko kukatizwa. Akauliza habari za Mama Rose, akaambiwa zote, maana Nurdin alikuwa na hamu kubwa ya kuzisimulia. Na Sista Veridiana, ambaye kwa siku nyingi alikuwa hajacheka, akashika ukuta, akacheka mpaka kilemba kikaenda upande.

Akajifuta macho, akatoa amri. Jumamosi wanakwenda Chiwata. Yeye mwenyewe, kama dada mkubwa, atamposea mdogo wake. Na wanawe wote wanakuja, maana tangu lini mjomba akaenda kuposa bila wapwa?

Jumamosi ikawa sherehe kabla ya sherehe. Lori la kubebea magunia ya korosho likajaa watu, kanga mpya, ngoma moja, mabibo ya kutafuna njiani. Waliimba kuanzia Masasi hadi Chiwata, wimbo wa kumsifu mjomba, ambao Faidha aliutunga palepale na jino lake likiwa limeshapona. Cuthbert alikaa mbele katikati ya dereva na Sista, suti ya arusi yake ya zamani ikimbana kwapani. Mama Rose alikuwa ametangulia kwao tangu jana.

Mzee Bonifasi aliwapokea barazani. Mzee mfupi, mkimya, kiti cha kamba. Maneno ya kupokeana yakazungushwa kama inavyotakiwa, Sista akasema la kwake vizuri, mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akaomba chai iletwe.

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka binti na sinia la vikombe na mihogo ya kuchemsha. Alikuwa amejifunga kanga na hakuwa na kalamu, lakini miwani ilikuwa ileile.

Nancy. Mkaguzi.

"Karibuni," akasema, akaweka sinia chini. "Baba, huyu ndiye yule niliyekusimulia."

Naam. Mzee Bonifasi, mjomba wa kweli wa Isabela, ndiye baba mzazi wa Nancy. Binti alicheza na Isabela tangu utotoni, amebebwa na Isabela mgongoni. Siku ile kiwandani, kidole chake kiliposimama kwenye meza ya kumenya, alikuwa anamwonyesha binamu yake. Ndiyo maana hakuandika. Alikuwa anajizuia asicheke, na jioni ileile akampigia baba yake simu.

Cuthbert alitaka kusimama, suti ikamzuia. Mzee Bonifasi akamimina chai, akamsogezea kikombe cha kwanza.

"Mimi sina neno na wewe, mwanangu," akasema mzee. "Ila kuna swali binti yangu alikuuliza, nami nalirudia. Hawa uliokuja nao ni nani?"

Nyuma ya Cuthbert lori zima lilikuwa limekaa chini, kimya. Akisema wapwa, Isabela naye ni mpwa, na hapo posa imekwisha, wageuze lori. Akisema wafanyakazi, serikali imekaa mbele yake na sinia la mihogo. Mama Rose alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaikunja, kovu linaonekana.

Cuthbert akageuka, akawatazama. Akamwona Faidha na shavu lake lililopungua. Akamwona yule wa mgongo aliyelala kwenye kochi lake. Wiki nzima alikuwa ameshika mikoba yao, watoto wao wamemtapikia shati, na sasa alijua nani anaumwa wapi. Jambo hilo alikuwa halijui kabla ya kudanganya.

"Ni wafanyakazi wangu," akasema. "Wote. Na huyu pale mlangoni naye ni mfanyakazi wangu, na nimekuja kumwomba. Nilisema uongo kwa sababu ya uchoyo. Nisameheni."

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Sista Veridiana alipiga cha kwanza, tena kirefu kuliko vyote. Nancy akakaa kitako, akamega muhogo.

"Jumatatu asubuhi nakuja kuwaandikisha, Baba Trevor," akasema. "Na safari hii nitakuja na kalamu iliyo wazi."

Mzee Bonifasi akatangaza kwamba basi yeye amerudi kazini, ni mjomba tena, na kwa kazi hiyo anatoa ndiyo. Mama Rose akashuka ngazi za baraza, akasimama mbele ya Cuthbert. "Karibu kwetu, Baba Trevor," akasema, polepole, mbele za watu, na safari hii hakuziba mdomo. Cuthbert alikuwa hajalisikia jina hilo kinywani mwake tangu siku ile ya magunia, akageuka kando ajifute macho kwa tai.

Ngoma ikaanza. Nurdin akaingia katikati, akacheza kwa mbwembwe za Newala, kanzu mkononi, akiimba kwamba kanyang'anywa mjomba, kanyang'anywa urithi, kaango limekwenda. Kisha akashika kinena, akapiga magoti, akalala ubavu.

Watu wakacheka. Faidha akapiga ngoma kwa nguvu zaidi. Cuthbert naye alicheka, akamfuata amwinue, akamshika bega. Kanzu ilikuwa imelowa jasho baridi. Uso wa mzee ulikuwa umekuwa rangi ya majivu, na macho hayakuwa na mzaha.

"Ngiri," akasema Nurdin. "Imejikaza. Hairudi."

Ngoma ikanyamaza. Cuthbert hakumwita mtu. Alimwinua mzee mikononi mwake, suti ikapasuka mgongoni, akakimbia naye hadi kwenye lori. Mama Rose akaparamia nyuma yake, Sista akafuata. Barabarani kichwa cha Nurdin kilikuwa mapajani mwa Cuthbert, na Sista alikuwa anasali kwa sauti ya juu.

"Mama," akanong'ona Nurdin, "omba polepole. Malaika wangu watadhani wamekosea nyumba."

Wakacheka huku wanalia, wote watatu.

Hospitalini muuguzi akamtazama mgonjwa mara moja, akaita kitanda cha magurudumu. Akauliza kama ana bima. Cuthbert akasema Jumatatu. Muuguzi akauliza Jumatatu ndiyo nini, na Cuthbert akatamani sakafu immeze, kwa sababu siku ile Jumatatu ilikuwa mbali kuliko Dar es Salaam. Akasema atasimamia yeye kila kitu, mzee aingie sasa hivi.

"Wewe ni nani wake?" akauliza muuguzi.

Cuthbert akafungua mdomo. Msomaji wa Makote, tulia, simwachi hivyo.

"Mwajiri wake," akasema. Mama Rose akamshika mkono.

Kitanda kikasukumwa. Mlangoni kwa chumba cha upasuaji Nurdin akainua kidole, wakasimama. Cuthbert akainama mpaka sikio likagusa ndevu nyeupe.

"Njomba," akasema mzee. "Lile kaango."

"Lako. Nimekupa leo. Utoke uje ulichukue."

Mlango ukafungwa. Wakakaa kwenye benchi lilelile ambalo Cuthbert alilikalia kashika mkoba wa Faidha. Nje lori la pili, lililoazimwa Chiwata, likawaleta wengine wote. Wakaingia kimyakimya, wakakaa chini kando ya ukuta, kanga zao za sherehe zikiwa na vumbi.

Daktari alisema wajiandae kusubiri sana. Lakini hawajasubiri hata kidogo, mlango ukafunguka, muuguzi mwingine akachungulia, barakoa shingoni, pumzi juu. Huyu hakuwepo pale mapokezi, hakumsikia mtu akijieleza. Akawatazama wale watu wote waliojaa ukutani.

"Mgonjwa wa Newala," akasema. "Anamtaja mjomba wake tu, na daktari anamtaka huyo mjomba, haraka. Mjomba wake ni nani hapa?"

Hakuna aliyepata muda wa kumgeukia Cuthbert. Alikuwa ameshasimama.